Tundu Namba Tisa

Bandani kwetu Namungo mwamba unalala kwenye trei,
mche kwa mche, kama mihogo iliyomenywa,
na kazi yangu ni kuumwagia maji, kuutazama,
kuandika umekuwa nini.
Si ulikuwa nini. Umekuwa nini.

Mita mia moja na nne: marumaru.
Nadondosha tone la asidi, jiwe linafoka, shiii,
kama kikaango kilichorushiwa mate.
Mita mia na sita, nadondosha tena.
Kimya.
Marumaru imeondoka, haikuaga.
Mahali pake pamekaa ganeti, rangi ya kisamvu kibichi,
punje zimeshikana mabega.

Bwana Chilumba, mjiolojia wetu, husema kwa kifupi
maana hapendi kurudia:
yalipita maji hapa, chumvi tele, moto kushinda tanuri,
na hayakuwa na nafasi ya kuchemkia.
Yakachukua hiki, yakaacha kile.
Halafu yakashuka na ufa, maji hayo hayo.

Nikaandika "hayo hayo" pembeni mwa daftari,
nikapiga mstari.

Maana mita mia na ishirini
yaliikuta naisi, ngumu, yenye milia,
yakailegeza punje kwa punje
hata ikawa ulanga, na chini kidogo udongo
unaochimbika kwa ukucha.
Mita mia na thelathini na tatu
yalikuta jiwe jeusi, zito, mgeni kutoka vina tusivyofika,
nalo likayanywa kwa pupa, likavimba, likapasuka,
likabaki na ngozi ya nyoka,
linateleza mkononi kama kipande cha sabuni.

Kinywe kilikuwa katikati yao wote.
Kinywe, pamoja na jina lake, hakikunywa.
Kimekaa vilevile, kinanipaka vidole,
vidole vinapaka daftari,
na ofisini wanalalamika.

Nayo maji, kila jiwe yaliloligusa,
hayakutoka kama yalivyoingia.
Hilo Chilumba hakulisema. Nimelisoma kwenye trei.

Mama yangu, Somoe binti Mkwanda,
amevuna chumvi miaka thelathini na mmoja
kwenye majaruba nje ya Lindi.
Maji yake ni ya jua tu, hayajui moto wa ardhini,
lakini nyayo zake nazo zina mita zake:
hapa pamekakamaa, hapa pamechanika, hapa ganzi.
Tulilikanyaga jaruba lile lile, watoto watatu.
Sijaona alitoka vidonda siku ya tatu, hakurudi tena.
Kaka Nampunda aliota sugu, akaota na ukali,
sasa ana majaruba yake na watu wa kuwafokea.
Mimi sijui.
Hakuna aliyenimwagia maji akanitazama.

Mwezi wa sita mama alikuja Ruangwa
kuonyesha miguu hospitali.
Nikamwombea ruhusa, akaketi kwenye hadubini,
kanga begani, jicho moja amelifunika kwa kiganja.
Kipande cha kwazi, chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Ndani yake tone: maji yaliyonaswa yakiwa safarini.
Ndani ya tone, kijiwe cha pembe nne,
na kiputo kinachotetemeka, hakitulii.

"Chumvi," akasema, kabla sijafungua mdomo.
"Ndiyo kwanza inaanza kukaa."

Chilumba akacheka, akamwambia hiyo, mama,
ina miaka milioni mia tano na ushee.
Mama hakuondoa jicho.
"Basi nani amelisahau jaruba hili?"

Jioni nikajaza: mita mia na arobaini na moja.
Kwazi. Mshipa. Tone moja, lina chumvi.
Kwenye safu ya maoni nikaandika: haijavunwa.

Chilumba amelikata kwa kalamu nyekundu.
Chini ya wino bado linasomeka.